Visikilizio vya Safari ya Miraj

Mwalimu Sarojini Halbe alikuwa na sababu moja tu ya kutokwenda Miraj, na sababu yenyewe ilikuwa treni. Hakulalamikia viti, wala vyoo, wala ucheleweshaji, mambo ambayo mtu mwenye akili zake angeyalalamikia. Alilalamikia sauti yake. Alisema behewa linaunguruma noti moja kutoka Pune, alikoishi, hadi Miraj, saa tano na ushei, na noti hiyo inamwingia masikioni na kukataa kutoka, hata akipanda jukwaani anakuta sa yake imepotea. Sa ni ile noti ya kwanza ambayo mwimbaji hujengea nyumba yote. Ukiikosa hiyo, nyingine hazina pa kukanyaga.

Mwaka juzi alikataa mwaliko wa Miraj kwa sababu hiyo. Mwaka jana akakataa tena. Mwaka huu waandaaji wa tamasha walimwandikia barua ya heshima kubwa, ila sentensi ya mwisho haikuwa na heshima hata chembe: kama Mwalimu hataweza kufika, nafasi yake ya Jumapili asubuhi atapewa mwingine, na itakuwa ya huyo mwingine daima.

Vrinda Khasnis aliisoma barua hiyo akiwa amesimama jikoni kwa Mwalimu, chai inachemka na kumwagika mbele yake wala asiione. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mchana karani wa posta, jioni mwanafunzi wa muziki, na kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amekaa nyuma ya Mwalimu kwenye kila jukwaa akipiga tanpura. Tanpura ni ala ndefu ya nyuzi nne isiyopiga wimbo wowote. Kazi yake ni kuishika sa tangu mwanzo hadi mwisho ili mwimbaji asipotee njia. Hakuna mtu anayekata tiketi kwenda kumsikiliza mpiga tanpura, na Vrinda hakuwahi kunung'unika kwa hilo. Lakini Mwalimu alizaliwa Miraj, na mwimbaji anayekataa kuimba alikozaliwa ameanza kuaga. Hilo ndilo lililomtia Vrinda hofu. Mwalimu akinyamaza, yeye atamshikia nani sa?

"Kuna visikilizio siku hizi, Mwalimu," alisema huku akifuta chai iliyomwagika. "Unavitia masikioni, vinazima kelele za nje. Pale posta kijana wa kompyuta anavyo, unamwita mara tatu hageuki."

"Vinazimaje?"

"Vinaisikiliza kelele, halafu navyo vinapiga kelele ya kinyume chake. Zikikutana zinauana."

"Kama mimi na marehemu mume wangu." Mwalimu alikuwa na miaka sabini na sita na ulimi wake ulikuwa na thelathini. "Haya, nenda kaniletee. Na viwe vya kila siku, nisikilizie redio nikiwa napika. Mimi sinunui kitu cha safari moja. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu: usiniletee kitu kitakachoigusa sa yangu."

Ni sentensi hiyo ya mwisho iliyoleta balaa lote.

Duka la Bwana Dhamdhere liko mtaa wa Budhwar Peth, kwenye ule uchochoro wa vifaa vya umeme ambako waya zinaning'inia kama nguo za kuanikwa. Mwenyewe alianza kwa kuuza redio za betri, akauza kaseti, akauza santuri zilipofufuka, na alikuwa haoni kwa nini awe mpole kwa mteja. Mlangoni alikuwa ametundika vibao vitatu. Cha kwanza kilisema: TUNAFUNGA SAA SABA HADI SAA KUMI, HATA KAMA UMETOKA MBALI. Cha pili: KUJARIBU NI BURE. KUJARIBU KISHA KWENDA KUNUNUA KWINGINE NI TABIA MBAYA. Cha tatu: KILICHOUZWA KIMEUZWA. USIMTUME MUMEO.

Vrinda aliingia saa sita na nusu, akavisoma vyote, akaona ni vya haki.

"Nataka visikilizio vya kuzima kelele. Vya safari na vya nyumbani."

"Vya nani?" Bwana Dhamdhere alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso.

"Vya mwalimu wangu. Ana miaka sabini na sita. Anaimba."

"Akiimba atavivua au na yeye anataka kujizima?"

Vrinda alicheka, maana Pune mtu asiyejua kuchekea muuza duka atashinda njaa. Bwana Dhamdhere akamtolea kwanza hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, nyeusi, laini kama mto wa mtoto. Vrinda alikuwa amekuja amejiandaa. Masikioni alivaa vipuli vya lulu vya kushikana na ndewe, vya aina ileile avaayo Mwalimu, makusudi apime.

"Zinafinya lulu," alisema baada ya dakika moja.

"Avue vipuli."

"Kaka, Mwalimu hajavua vipuli hivyo tangu siku ya harusi yake. Hata hospitali walishindwa."

"Basi tuachane na kichwa, twende kwenye tundu la sikio." Akapanga juu ya kioo visanduku saba, kutoka vya bei ya kutisha hadi vya bei ya kutia shaka. Alieleza kila kimoja bila kubembeleza: hivi vinakaa na chaji saa nane, hivi sita, hivi vina raba za ukubwa wa aina tatu, maana masikio ya watu ni kama miguu yao, hayalingani, hivi ukitembea haraka vinadondoka, ila mama wa miaka sabini na sita atakuwa anakimbilia wapi. Kisha akawasha feni kubwa ya sakafuni, ile inayonguruma kama mashine ya kusaga, akampa Vrinda vile vya kwanza.

Vrinda alivitia masikioni. Feni ikafa. Mabawa aliyaona yanazunguka, nywele zake zilikuwa zinapepea, lakini sauti haikuwepo. Hakuwahi kusikia kimya cha namna hiyo akiwa katikati ya mji, na ghafla akatamani kukaa chini hapohapo dukani apumzike.

"Unaonaje?" Midomo ya Bwana Dhamdhere ilicheza, na sauti yake ikafika, nyembamba lakini yake.

"Sauti yako bado naisikia!"

"Maneno yanapenya kidogo. Kinachozimwa hasa ni kelele ile ya kuendelea, isiyopanda wala kushuka. Sauti ya muuza duka hakuna mashine inayoiweza."

Hapo biashara ingekwisha, mtu angelipa na kwenda zake. Lakini Vrinda alikuwa mtu wa muziki, na watu wa muziki hawanunui hata sufuria bila kuigonga kwanza wasikie inalia vipi. Alifungua mkoba wake akatoa kisanduku kidogo cha plastiki, ile tanpura ya umeme ambayo kila mwanafunzi anafanyia mazoezi nyumbani, akakiweka juu ya kioo.

"Na hicho nini?"

"Sa," alisema Vrinda, akabonyeza.

Duka likajaa mvumo mtamu wa nyuzi nne. Vrinda akavitia tena masikioni vile visikilizio vya bei ya kutisha. Mvumo ukatoweka. Kilichobaki kilikuwa kijisauti cha juu, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Alivichomoa kama vimemuunguza.

"Vimeila!"

"Vimeila, ndiyo," alisema Bwana Dhamdhere. "Si nimekwambia? Kelele ya kuendelea."

"Sa si kelele!"

"Dada, kidude hicho hakikusoma shule ya muziki. Feni inavuma, kinaizima. Treni inavuma, kinaizima. Hiyo yako nayo inavuma."

"Basi ni kidude kisicho na adabu. Nipe vingine."

Alijaribu vya pili, vikaila sa. Vya tatu vikaila. Vya nne vikaitafuna vikaiacha mifupa. Alikuwa anajaribu huku maneno ya Mwalimu yanamlia kichwani, usiniletee kitu kitakachoigusa sa yangu, na kadiri alivyoshuka kwenye safu ndivyo roho yake ilivyokuwa inatulia, kwa sababu sa ilikuwa inarudi kidogo kidogo. Alipofika kwenye vya saba, vyeupe, vyepesi, vya bei ya kutia shaka, tanpura ilipita nzima nzima, haikupungua hata uzi. Feni nayo ilipita nzima nzima, lakini Vrinda wakati huo alikuwa hasikilizi feni.

"Hivi," alisema, uso unang'aa.

Bwana Dhamdhere alikigeuza kisanduku akasoma maandishi yake. "Hivyo ni vya watoto wa chuo. Kuzima kelele kumeandikwa kwenye sanduku tu."

"Vinaiheshimu sa."

"Na treni, je?"

"Treni ni kelele, itazimwa."

Muuza duka alifungua mdomo, kisha akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika mbili, na nyumbani wali na dengu vilikuwa vimeshapakuliwa. "Vile vibao mlangoni umevisoma?"

"Nimevisoma."

"Hata cha tatu?"

"Sina mume wa kumtuma, kaka. Funga tu."

Akafunga visikilizio, akafunga na duka.

Walisafiri Jumamosi asubuhi. Tanpura mbili zilikatiwa tiketi ya kiti chao, zikaketi zimefunikwa shuka hadi shingoni, na bwana mmoja aliyepanda na gazeti aliuliza kwa upole wagonjwa wanapelekwa wapi. Mwalimu alikaa dirishani katika sari ya kijani. Vrinda akamwekea visikilizio masikioni, raba ndogo kushoto na ya kati kulia, vipuli vya lulu havikuguswa. Treni ikaondoka. Mwalimu akafumba macho.

Vrinda alimkodolea macho kama mpishi anayesubiri mgeni ameze tonge la kwanza. Walipita mashamba ya miwa, wakapita maboma ya matofali, Mwalimu bado kafumba macho. Karibu na Jejuri akafumbua moja.

"Hivi vidude vinafanya nini hasa?"

"Vinazima treni, Mwalimu."

"Treni yenyewe imeambiwa?"

Vrinda alichukua kimoja akakitia sikioni mwake. Muungurumo wa behewa ulikuwa palepale, mzima, mnene, wa kuendelea, usiopanda wala kushuka. Akaikumbuka ile feni, akayakumbuka macho ya Bwana Dhamdhere yakienda kwenye saa, na mambo yote yakamwangukia kwa mpigo mmoja. Alihisi masikio yanamwaka moto. Akaanza kueleza, na kwa kuwa hakujua kudanganya alieleza yote, na kisanduku cha plastiki, na mbu ndani ya chupa, na kidude kisicho na adabu.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. "Ngoja nielewe. Ulikwenda na tanpura dukani. Ukatafuta kitu kisichoweza kuzima tanpura. Ili kije kizime treni, inayovuma kama tanpura."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wewe ndiye uliyesoma."

Mwalimu akacheka. Alicheka hadi upindo wa sari ukamwanguka begani, hadi bwana wa gazeti naye akacheka bila kujua anachochekea. Vrinda hakucheka. Alikuwa anaiona Jumapili asubuhi inakuja na Mwalimu amekaa jukwaani anaitafuta sa yake mbele ya watu wa kwao, na kosa ni lake, alilolinunua kwa pesa zake na kufungiwa kwenye sanduku.

"Tushuke Satara," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna treni ya kurudi mchana. Nitawaandikia barua mimi."

"Nani amekwambia nashuka? Sari nimeshavaa." Mwalimu alijifuta macho. "Si ulisema umeniwekea ile ya redio kwenye simu? Niwekee. Angalau tupate faida ya kusikiliza."

Ile ya redio ilikuwa rekodi ya zamani, Mwalimu akiwa na miaka thelathini na nne, saa mbili nzima za kuimba ambazo wanafunzi wake wote walikuwa wanazijua kwa moyo. Vrinda aliibonyeza. Mwalimu akafumba macho tena, kiganja gotini kikihesabu mapigo. Kwa muda ilikuwa safari kama safari nyingine. Vrinda alitoa vyapati vinene vya thalipeeth na siagi, akala kimoja kwa huzuni, akala cha pili kwa sababu kilikuwa kitamu.

Satara ilikuja ikapita. Baada ya hapo Vrinda akaona kile kiganja kimeacha kuhesabu. Uso wa Mwalimu ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mwenye jino linalouma.

"Vrinda. Treni hii inavuma ufunguo gani?"

Waimbaji wa huko hutaja sauti kwa funguo za kinanda cha mkono. Vrinda alitega sikio, na kwa mtu aliyeshika sa miaka ishirini na mmoja haikuwa kazi. "Mweupe wa tano, Mwalimu."

"Na huyu msichana wa kwenye redio?"

"Mweusi wa nne. Sa yako ya siku zote."

Funguo hizo mbili ni majirani wa ukuta mmoja. Mweupe uko chini, mweusi uko juu yake nusu hatua tu, na ukizipiga pamoja zinagombana hadi meno yanaganda. Mwalimu alikuwa amekaa nazo zote mbili kwa zaidi ya saa nzima, treni chini na msichana juu, kwa sababu vile visikilizio vya bei ya kutia shaka vilikuwa havizuii kitu. Visikilizio vizuri vingeiondoa treni na kumwachia msichana peke yake.

Mwalimu alinyoosha kidole kwenye simu. Akamzima msichana, akaiacha treni.

Kisha akaanza kuvumisha, midomo imefungwa, polepole, amekaa juu ya ule muungurumo kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Alipanda hatua moja, akapanda nyingine, akatembea huko katikati bila haraka, halafu akapanda hadi sa ya juu kabisa, akatua. Hakujikaza. Mishipa ya shingo haikumsimama. Vrinda nywele zilimsisimka mikononi, kwa sababu noti ile alikuwa hajaisikia ikitua namna hiyo kwa miaka mitatu.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinaniudhi," alisema Mwalimu, akitazama nje. "Kelele ya treni nimeizoea tangu utotoni, kwetu tulikuwa tunalala nyuma ya reli. Kinachoniudhi ni kwamba inanienea. Saa tano inanienea vizuri, halafu nafika jukwaani natakiwa nipande tena kule juu nilikokuwa naimba nikiwa na miaka kumi na tisa. Na kile kipande cha mwisho..." Akamgeukia Vrinda. "Wewe unakaa nyuma yangu. Ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu lile tamasha la Kolhapur. Miaka mitatu."

"Na ukanyamaza."

Vrinda aliyatazama magoti yake. "Mpiga tanpura hasemi. Anashika pale alipowekwa."

"Upuuzi mtupu. Nani alikufundisha upuuzi huo?"

"Wewe, Mwalimu."

Mwalimu aliuchukua mkono wa Vrinda akauweka mapajani mwake na kuupiga kofi jepesi, moja, mbili, kisha akauacha ukae hapo.

"Kwingine kote ningeishusha sa zamani," alisema baadaye. "Mumbai nani angejua? Lakini Miraj tanpura ndiko zinakochongwa. Mji ule hata muuza chai, ukipiga nyuzi nne tu, atajua Saru, ndivyo wanavyoniita kwetu, ameishusha sa."

"Watajua," alisema Vrinda. Hakuona faida ya kumdanganya. "Watajua kabla hujafungua mdomo."

"Basi."

"Basi."

Sangli alipanda mchuuzi wa bhadang, zile bisi za mchele zenye vitunguu saumu na pilipili, na Mwalimu aliyekatazwa pilipili kabla ya kuimba akanunua pakiti mbili na kuzila zote.

Jumapili asubuhi, katika chumba cha nyuma ya jukwaa, Mzee Mohsin alikuja na kisu chake kidogo na vijiuzi vyake vya pamba. Ndivyo desturi ilivyo Miraj: fundi aliyetengeneza tanpura huja mwenyewe kuziweka sawa kabla mwenye nazo hajapanda. Hizi mbili zilichongwa na baba yake, na kazi akairithi yeye. Aliketi sakafuni, akazivua shuka, akazipiga kwa kidole kimoja, akasubiri aambiwe.

"Mweupe wa tano," alisema Mwalimu.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Nandkishor, mpiga tabla, zile ngoma mbili za mkono zinazowekwa sauti kwa nyundo, mtu mnene mwenye roho nyepesi. "Mama! Tabla hii nimeipandisha mweusi wa nne tangu alfajiri! Nimeitwanga hadi bega linaniuma!"

"Una nyundo au huna?"

"Ninayo, Mama."

"Basi ishushe."

"Watu watasema Nandu ameharibu."

"Waache waseme, Nandu. Mnene unabeba vingi."

Mzee Mohsin alikuwa ameshaanza kulegeza vigingi, taratibu, sikio limeegemea shingo ya tanpura. "Dada Saru," alisema bila kuinua kichwa, "kazi hii ningekufanyia tangu mwaka juzi. Ulikuwa huji."

"Na wewe ulijuaje?"

"Mjukuu wangu alinifungulia Kolhapur kwenye simu."

"Mzee mbaya wewe. Ukamwambia nani?"

"Nikamwambia nani? Hapa kila mtu ana simu."

Mwalimu alimtazama Vrinda, Vrinda akamtazama Mwalimu. Basi kumbe siri iliyomfanya aikimbie treni ilikuwa imemtangulia kufika nyumbani, na hakuna aliyemcheka nayo.

Ukumbi ulijaa hadi viatu vikaziba mlango wa nje. Safu za mbele walikaa mafundi na watu wao, wazee kwa vijana, mikono yao yenye rangi ya gundi ikiwa imetulia magotini. Mwalimu alipanda, akasalimu, akaketi. Vrinda akaketi nyuma yake, mjukuu wa Mzee Mohsin kando na tanpura ya pili, akaiegemeza yake begani, akavuta uzi wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Uliponguruma wa nne aliona vichwa vya safu ya mbele vikiinuka vyote kwa pamoja, na mzee mmoja akamwegemea jirani yake akamnong'oneza. Mbele yake Vrinda alikuwa anaona mgongo wa Mwalimu tu, na fundo la mvi lenye maua ya jasmini, na alijua kwamba Mwalimu naye ameviona vichwa vile. Mgongo ule haukutikisika. Vrinda aliendelea kuvuta nyuzi, akisema moyoni, kaa, Mwalimu, kaa, nimeishika.

Mwalimu akaimba sa.

Ilitoka pana na ya chini, ina mikwaruzo ya miaka sabini na sita, haikuomba radhi. Yule mzee mnong'onezaji akafumba macho. Robo saa ya kwanza Mwalimu hakwenda popote, alizunguka chini kama mtu aliyerudi nyumbani anayefungua vyumba kimoja kimoja. Nandkishor alipoingia na tabla, tabla ilikuwa imetulia sawasawa, na mwenyewe alikuwa anatabasamu hadi mashavu yanafunika macho. Ndipo Mwalimu akaanza kupanda.

Vrinda alikuwa anajua mahali penyewe. Kwa miaka mitatu, kila alipofika hatua moja chini ya sa ya juu, Mwalimu alikuwa anageuza njia. Aliteremka kwa mapambo mengi na ya haraka, watu wakashangilia mapambo, na mmoja tu, aliyekaa nyuma, ndiye aliyejua kwamba yule mama amefika mlangoni na kuogopa kubisha. Mwalimu alifika hapo. Alisimama hapo. Vrinda aliona bega la mbele yake likiinuka kidogo.

Mwalimu hakugeuza njia. Alipanda, akaingia, akakaa. Aliishika sa ya juu hadi Nandkishor akaacha kupiga kwa kusahau, hadi Mzee Mohsin pale pembeni ya jukwaa akainua mkono wenye gundi na kuuacha hewani, hadi ukumbi ukakosa la kufanya. Vrinda Khasnis alilia waziwazi mbele ya watu mia sita, machozi yakimdondokea kwenye mti wa tanpura, na vidole vyake havikukosa uzi hata mmoja.